Kiharusi cha Pili na Daftari la Presha



Safu yetu wiki hii yaelekea kwenye zile nyumba ambazo mgonjwa amerudi. Twajua namna habari hizi zinavyopokewa kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga: fulani alilazwa Msambweni, upande mmoja ulikuwa umelala, ulimi mzito, hata kumeza maji kwa tabu, lakini alhamdulillah ameruhusiwa. Majirani huja na sinia zao, dua husomwa, na kila ajaye husifu kwamba uso wa mgonjwa umerejea rangi yake. Baada ya wiki kadhaa wageni hupungua. Nyumba hubaki na mgonjwa wake, mfuko wa dawa, na kadi ya kliniki iliyoandikwa tarehe ya mwezi ujao au ya baada ya miezi mitatu. Kipindi hicho cha kimya ndicho tunachotaka kukizungumza, kwa kuwa ndimo kiharusi cha pili kinamojitengenezea njia.

Mtu aliyekwisha kupatwa na kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kupatwa tena kuliko jirani yake wa rika moja asiyewahi kuugua, na hicho cha pili huukuta mwili umekwisha dhoofika. Aliyekuwa akijikokota kwa mkongojo huweza kubaki kitandani. Aliyebakiwa na maneno machache huweza kuyapoteza hayo nayo. Katika sababu zinazozuilika, iliyo kubwa kuliko zote ni presha. Mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao PROGRESS, uliofuatilia wagonjwa 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Waliopewa dawa za kushusha presha walipungukiwa na viharusi vya baadaye kwa asilimia 28, wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge vitupu. Na faida hiyo waliipata hata wale ambao presha yao haikuhesabiwa kuwa ya juu. Dawa zenyewe si za ajabu. Ni vidonge vya aina ile ile ambayo wengi wenu mnayo kabatini.

Lakini presha haijitangazi. Haiwashi, haichomi, na aghalabu haiumizi kichwa kama watu wanavyodhani. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu robo ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69, yaani asilimia 23.8, walikutwa na presha ya juu; na asilimia 56 ya watu hawakuwahi kupimwa hata mara moja maishani mwao. Kwa hivyo wengi wetu hulisikia neno hilo kwa uzito wake siku ile mdomo wa mzee umekwenda upande. Hata baada ya hapo, mgonjwa akijihisi mwepesi hudhani kwamba dawa imemaliza kazi. Husema amepoa, na pakiti ya vidonge ikapandishwa juu ya kabati kungojea siku atakayojisikia vibaya. Siku hiyo ikifika huwa si ya kumeza vidonge tena.

Wapo pia kati yetu ambao hadi leo huuita ugonjwa huu upepo. Watafiti waliouliza watu nchini Tanzania waliona kwamba jijini Dar es Salaam wengi waliunasibisha na mashetani na uchawi, ilhali wale wa Hai, chini ya Kilimanjaro, waliutaja zaidi kama maradhi ya mwili. Sisi wa mwambao hatuna haja ya kuwacheka ndugu zetu wa Dar es Salaam. Dua ina mahali pake na hatumzuilii mtu kusomewa. Tunalokataa ni kule kusimamisha dawa kwa muda wa kisomo, kana kwamba viwili hivyo haviwezi kukaa nyumba moja.

Sasa tuje kwenye kupima. Fikirini namba ile iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ilivyopatikana. Mama ameamshwa kabla ya alfajiri huko Kinango au Lunga Lunga. Amepakiwa bodaboda katikati, dereva mbele na mwanawe nyuma, mguu usio na nguvu ukishikwa usije ukagusa bomba la moshi. Kisha matatu, kisha benchi, kisha foleni. Hatimaye anaitwa kwa haraka, anafungwa ukanda huku akiulizwa maswali, na namba inaandikwa. Huenda imepanda kwa uchovu na khofu. Huenda pia imeshuka kwa sababu wiki hiyo ya kliniki, kwa kumwogopa daktari, dawa zimemezwa vizuri kuliko wiki zote zilizotangulia. Vyovyote iwavyo, daktari ataamua dawa za miezi mitatu kwa namba ya dakika moja.

Kwa wanawake kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Ukanda wa presha wataka mkono mtupu juu ya kiwiko. Katika chumba chenye wanaume wanaopita, mama aliyevaa buibui na nguo ya mikono mirefu hupandisha mkono wa nguo hadi unambana kama kamba, au hufungwa ukanda juu ya nguo. Vyote viwili huharibu kipimo. Nyumbani, amekaa na dera lake au leso, mkono u wazi na moyo umetulia, kipimo huwa karibu zaidi na ukweli. Twaona hii ni miongoni mwa sababu kubwa za kuleta kipimo nyumbani, na tungependa wauguzi waitie maanani: pazia moja tu kliniki lingerekebisha namba nyingi.

Mashine inayofaa ni ile ya kielektroniki ifungwayo juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono, ambazo wengi huletewa zawadi kutoka Muscat au Jeddah kwa kuwa ni ndogo na za kupendeza, hukosea kwa urahisi, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kuuweka mkono wake sawasawa. Ukanda uwe wa kiasi cha mkono: mkono mnene ukifungwa ukanda mdogo hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Ipo orodha ya kimataifa iitwayo STRIDE BP inayotaja mashine zilizojaribiwa na kukubaliwa. Anayekununulia ughaibuni aitazame kabla ya kulipa. Na mashine yenyewe, mara moja kwa mwaka, ichukuliwe hospitalini ilinganishwe na ya huko.

Mgonjwa wa kiharusi apimwe mkono upi? Ule mzima. Mkono uliopooza, ukiwa umelegea au umekakamaa, hutoa namba isiyoaminika. Tunalisisitiza hili kwa sababu silika ya mwuguzaji ni kumwachia mgonjwa mkono wake mzima ashikie kikombe, na kuufunga ule uliolala.

Kabla ya kipimo mgonjwa aende chooni, kisha akae kitini, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono umewekwa mezani au juu ya mto usawa wa moyo. Atulie dakika tano. Nusu saa kabla yake kusiwe na kahawa chungu, sigara wala muguka. Na kuwe kimya. Hili la kimya ndilo gumu zaidi katika nyumba zetu, maana mashine inapoanza kuvuma ndipo kila mtu anapopata la kuuliza. Na kuzungumza peke yake kwatosha kuipandisha namba. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja au mbili, asubuhi kabla ya dawa na jioni tena, ukaandike zote. Usichague ile iliyokupendeza.

Si lazima kupima kila siku ya mwaka. Desturi inayokubalika ni wiki moja ya kupima, asubuhi na jioni, kabla ya siku ya kliniki au baada ya dawa kubadilishwa. Namba za siku ya kwanza huachwa, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa sawa na ile 140 kwa 90 ya kliniki, kwa hivyo anayeona 138 kwenye daftari lake asijipongeze. Kwa waliopata kiharusi madaktari wengi hulenga chini zaidi, 130 kwa 80, ila lengo la kila mgonjwa huwekwa na daktari wake, kwa kuwa wapo wazee ambao ikishuka mno huona kiwi wakisimama na kuanguka njiani wakienda msalani. Nyonga iliyovunjika juu ya kiharusi ni msiba mwingine.

Kwa upande mwingine kuna wanaopima mara kumi kwa siku. Namba moja ikipanda, khofu huipandisha inayofuata, na usiku hauna usingizi. Kwa watu hao tunashauri mashine ifungiwe kabatini pamoja na vikombe vya wageni, itoke kwa saa zake tu.

Hadi hapo tumezungumza kipimo. Neno linalovuma sasa ni kufuatiliwa ukiwa mbali: mgonjwa apime nyumbani Gazi, na namba imfikie muuguzi au daktari bila ya yeye kupanda gari. Ziko mashine ambazo hutuma zenyewe kwa simu, na ziko njia za kawaida zaidi za ujumbe mfupi au picha ya daftari. Huko Kumasi, Ghana, katika hospitali ya Komfo Anokye, Profesa Fred Sarfo na wenzake waliijaribu njia hii kwa watu 60 waliotoka kupata kiharusi. Nusu yao walipewa mashine ya presha na simu ya kisasa kwa miezi mitatu. Namba zilimwendea muuguzi, na mgonjwa naye akapata ujumbe wa kumhimiza juu ya dawa zake kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Baadaye waliupanua utafiti huo kwa mamia ya wagonjwa. Tunautaja kwa sababu Kumasi si London. Matatizo yao ya umeme, nauli na bei ya dawa ni ndugu wa matatizo yetu.

Huko Uingereza nako, utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwagawa watu 1,182 wenye presha katika makundi matatu: waliotegemea vipimo vya kliniki, waliojipima nyumbani, na waliojipima na kutuma namba kwa ujumbe wa simu. Baada ya mwaka mmoja, namba ya juu ya waliojipima ilikuwa chini ya wale wa kliniki kwa 3.5, na ya waliotuma kwa 4.7. Mwanzoni tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini tazameni utafiti uliotangulia wa mwaka 2014, wa watu 552 waliokuwa katika hatari kubwa, wakiwemo waliowahi kupata kiharusi. Hao walipewa, pamoja na mashine, mpango uliokubaliwa na daktari tangu mwanzo: namba zikiwa za kijani endelea, zikiwa za manjano fanya hivi, zikiwa nyekundu piga simu, na zikizidi lengo kwa muda uliowekwa, dawa iongezwe kama ilivyoandikwa. Namba yao ya juu ilishuka kwa 9.2 zaidi ya wenzao. Na uchambuzi uliokusanya tafiti 25 mwaka 2017 ulionesha kwamba kujipima peke yake, bila ya mtu wala mpango wa kuzishughulikia namba hizo, hakupunguzi presha kwa kiasi cha maana.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi. Mashine haimtibu mtu. Inayotibu ni jawabu linalorudi. Tumeona nyumba nyingi zilizonunua mashine nzuri, zikaandika daftari kwa hati ya kupendeza, 162, 158, 167, mwezi mzima, na dawa ikabaki ile ile kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeambiwa kwamba ni wajibu wake kuzisoma. Nyumba ilidhani imetimiza kazi kwa kupima.

Basi kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini, au siku ya kliniki ya kwanza, mwuguzaji aombe maneno matano yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Lengo la mgonjwa huyu ni namba ngapi? Wastani ukifika ngapi tupige simu? Ukifika ngapi tuje bila kungoja? Ni nani wa kupigiwa, kwa jina na namba ya simu ya kazi? Na siku gani yeye atatujibu? Si hospitali zote zilizo na meza ya kupokea namba za wagonjwa walio nyumbani, na muuguzi anayejibu kwa simu yake mwenyewe, kwa vocha yake, baada ya zamu, hawezi kuulaumiwa akichelewa. Ndiyo maana tunasema lipangwe: wastani wa wiki utumwe siku moja iliyokubaliwa, ujumbe mmoja mfupi wenye namba ya kadi ya mgonjwa, badala ya picha ishirini zinazoingia usiku wa manane. Afisa wa kliniki akiletewa mstari mmoja ulio wazi hujibu. Akiletewa rundo huliahirisha.

Kuna msaada ulio karibu kuliko tunavyofikiri. Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao mitaani twawaita CHP, zaidi ya 100,000 nchi nzima, na katika mkoba wao wamepewa mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu ya kuandikia taarifa za nyumba walizozizuru. Yule anayepita mtaani kwenu Bongwe au Mwaembe na fulana yake si wa kuhesabu vyandarua tu. Nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi imjulishe, imwombe aje kwa ratiba, na imtume yeye kupeleka taarifa kituoni. Penye wanawake wenye chama, mashine moja iliyonunuliwa kwa mzunguko na kuwekwa kwa mtu mmoja mwaminifu yaweza kuzihudumia nyumba tano, maadamu kila mgonjwa ana daftari lake. Lakini mashine nyingi hukumbuka namba zilizopita, na namba za Bi fulani zisije zikaandikwa kuwa za mzee wa nyumba ya pili.

Mzigo wenyewe humwangukia nani? Twajua. Humwangukia binti aliyebaki nyumbani, au mkazamwana. Ndiye anayeamka kwa ajili ya chai na watoto wa shule, amwogeshe baba mkwe, amlishe kijiko kwa kijiko, afue, na sasa ameongezewa mashine na daftari. Kisha jioni simu inalia kutoka Doha: presha ya mzee ngapi leo? Mwenye kuuliza ana mapenzi, hatuna shaka. Lakini kuuliza peke yake hakumpunguzii mtu kazi. Aliye mbali ana kazi zake anazoweza kuzifanya huko huko aliko: dawa za mwezi zilipiwe kabla hazijaisha, si baada, vocha ya kumpigia muuguzi itumwe bila kuombwa, na yeye ndiye apewe kazi ya kutafuta wastani wa wiki na kuutuma kliniki, maana hilo halihitaji mtu kuwa Kwale. Na wale walio Diani au Likoni, siku ya Ijumaa au Jumapili wachukue zamu nzima, mkazamwana alale.

Mgonjwa mwenyewe asisahauliwe. Wengi wanaweza kujifunga ukanda kwa mkono mmoja ukishafundwa na kuachwa kama bangili pana, wakaubonyeza ule mdundo wa kuanzia, wakaisoma namba kwa sauti. Mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi au mwalimu wa madrasa hapendi kufanywa mtoto. Tukimwachia daftari lake, aghalabu humeza dawa bila kusukumwa, kwa sababu anaona namba zinavyotii.

Jingine ni la siri. Presha ya mama si habari ya kikundi cha ukoo chenye watu themanini. Namba zikitupwa humo, kila shangazi ana dawa yake: huyu kitunguu saumu, yule majani ya mstafeli, wa tatu anamjua mtu aliyeacha vidonge akapona. Wasomaji wanajua kinachofuata. Maradhi ya mtu ni amana. Ziwe na watu wawili au watatu aliowaridhia mgonjwa, pamoja na kliniki, basi. Na dawa yoyote ya mitishamba inayotumiwa isemwe kwa daktari bila haya, kwani baadhi yake hugongana na vidonge.

Dawa nazo zina kero zake, na kero ndizo zinazowafanya watu waziache kimya kimya. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Enalapri huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Vidonge vya kutoa maji humpeleka mgonjwa msalani mara kwa mara, na kwa asiyetembea vizuri hiyo ni adha ya kweli. Zipo badala zake, na daktari anaweza kubadilisha. Aandikiwe kero hiyo kando ya namba, kwenye daftari lile lile. Daktari anayeona presha imepanda bila kujua kwamba mgonjwa ameacha kidonge kwa sababu ya kikohozi, ataongeza dawa juu ya dawa isiyomezwa.

Jikoni hatutakaa sana, tulikwisha kusema siku nyingine. Ng'onda na papa wa chumvi, achari, na vile vidonge vya supu ambavyo siku hizi hutiwa hadi kwenye maharagwe, vipunguzwe kwa nyumba nzima. Mchuzi wa mgonjwa ukipikwa peke yake, mgonjwa huomba wa wenzake.

Juu ya Ramadhani tunaulizwa kila mwaka. Kwanza, kufungwa ukanda na kupimwa presha hakumfunguzi mtu. Wapo wanaoacha kupima mwezi mzima kwa shaka hiyo. Pili, sharia imemwekea mgonjwa ruhusa, na aliyetoka kupata kiharusi ni mgonjwa. Ruhusa hiyo si aibu wala udhaifu wa imani. Anayetaka kufunga na afya yake yakaribia kumruhusu, amwone daktari ndani ya Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi, ili dawa zihamishiwe futari na daku kwa utaratibu unaofaa, na zile za kutoa maji zitazamwe upya kwa ajili ya joto na kiu. Kisha amwendee sheikh akiwa na jawabu la daktari mkononi. Wiki ya kwanza ya mfungo iwe wiki ya daftari.

Tuliloliacha mwisho ni namba za khatari. Mashine ikionesha 180 kwa 120 au zaidi, na mgonjwa hana dalili yoyote, mpumzishe dakika tano umpime tena. Ikibaki huko huko, piga simu ya kliniki saa ile ile. Usimpe vidonge viwili kwa pamoja, wala kidonge cha jirani. Kuishusha presha kwa ghafla nako kwaweza kuudhuru ubongo. Lakini akiwa na maumivu ya kifua, pumzi ya shida, kichwa kinachopasuka, au macho yamezimika, hapana kungoja kipimo cha pili, ni hospitali.

Na uso ukienda upande, mkono ukaanguka unapoinuliwa, au maneno yakavurugika, msiitafute mashine kabisa. Kiharusi huweza kuja hali presha yasoma 128. Tumesikia juu ya watu waliokaa wakipima mara tatu na kushukuru kwamba namba ni nzuri, na huku saa zinakwenda. Msimpe chakula, maji wala kidonge mdomoni, kwani kumeza huenda kumeharibika. Mlazeni ubavu, tafuteni gari, na mmoja achukue daftari la presha aandike humo saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Si saa aliyokutwa: saa aliyoonekana mzima. Ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.